Mjadala: Kigoma tuwapime macho wanafunzi wote wa kidato cha kwanza?

Mwalimu, Ujiji
Ndugu zangu, nafundisha hisabati. Mwaka huu nina binti aliyekuwa ananakili 3 kila nilipoandika 8, anafinya macho mpaka machozi yanamtoka. Wenzangu walishamwita mzembe. Nilipomhamishia dawati la mbele, hesabu zikanyooka.

Hoja yangu ni kwamba mtoto asianze kidato cha kwanza bila kupimwa macho. Vifaa ni chati ya herufi E, kamba ya mita 6 na mwalimu aliyeelekezwa. Anayeshindwa aende hospitali ya mkoa, Maweni, kwa wataalamu. Utafiti uliofanyika sekondari za Mwanza na kuchapishwa 2002 ulikuta wanafunzi kama 6 kwa kila 100 wana kasoro kubwa ya kuona, wengi wao hawaoni mbali, na chini ya theluthi yao ndio waliokuwa na miwani. Hao wengine walikuwa wanasoma nini ubaoni?

Mzazi, Mwanga
Mwalimu, shikamoo, ila napinga. Ukiweka sharti, mtoto wa Kakonko asiye na nauli atabaki nyumbani. Halafu miwani inalegeza jicho, ukishaizoea huiachi. Sisi tulisoma kwa koroboi na tunaona. Wanyang'anyeni simu kwanza.

Mwalimu, Ujiji
Marahaba. Asiyeona mbali, mara nyingi jicho lake limerefuka kwenda nyuma, kwa hiyo picha inaangukia mbele ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, badala ya juu yake. Lenzi ya miwani inaisogeza picha mahali pake, basi. Jicho likisharefuka halirudi, uvae usivae. Malaysia waliwahi kuwapa watoto miwani yenye nguvu pungufu makusudi, matokeo yakatoka 2002: macho yao yaliharibika haraka kidogo kuliko ya waliopewa nguvu kamili.

Na wa koroboi, tunawahesabu waliofaulu. Walioacha shule kwa kutoona ubao nani aliwahesabu?

Kuhusu nauli umenigusa kweli. Basi sharti liwe juu ya shule, si juu ya mtoto. Shule ndiyo ipime, tena mlemle darasani.

Muuguzi, Kasulu
Mzazi anasema simu. Kuangalia vitu vya karibu saa nyingi kunachangia, ila lenye ushahidi mzito zaidi ni kukosa mwanga wa nje. Miji ya Asia Mashariki, vijana wanaomaliza sekondari, 80 kwa 100 au zaidi hawaoni mbali. Guangzhou, China, waliongeza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule kwa watoto wa darasa la kwanza. Baada ya miaka 3, walioanza kutoona mbali walikuwa 30 kwa 100, na shule ambazo hazikuongeza, karibu 40. Kigoma jua tunalo bure, halafu twisheni inawafungia watoto ndani mpaka magharibi! Hilo linaniuma kuliko simu.

Mwalimu nawe, kupima hakutoshi. Dar es Salaam walifanya jaribio lililochapishwa 2008. Wanafunzi waliopewa miwani bure, baada ya miezi 3 waliokuwa wakiitumia hawakufika nusu. Waliopewa cheti tu wakanunue, robo hivi. Mtoto akiitwa "macho manne" siku mbili, miwani inaishia kwenye begi. Hapo ni kazi ya mwalimu wa darasa.

Muuza dagaa, Kibirizi
Mnajadili watoto tu. Sisi tukivuka 40, kokoto kwenye dagaa hatuioni mpaka mteja airudishe. Namwita mjukuu anichambulie, naye siku hiyo haendi shule. Mimi mbali naona vizuri sana, hata boti ikiwa bado ndogo kule ziwani.

Muuguzi, Kasulu
Mama, hiyo ni ya umri, lenzi ya jicho inakuwa ngumu, na dawa yake ni miwani ya kusomea ya bei ndogo. Bangladesh waliwagawia watu wa miaka 35 hadi 65. Ripoti ya 2024 inasema kipato chao kilipanda kwa theluthi. Ningependa siku ya kupima wanafunzi, wazazi nao wapimwe palepale. Mjukuu wako atarudi darasani.

Mzazi, Mwanga
Kupimwa nitakuja, na mwanangu nitamleta. Ila fedha ya miwani itoke halmashauri. Mkianza kutuchangisha, mimi simo.