Mjadala: Ziada ya umeme wa sola ilipwe bei gani, na mkataba ulindwe na nani?

Wadau, hoja iliyo mezani ni hii. Mwenye nyumba amefunga paneli za sola paani. Mchana zinazalisha kuliko anavyotumia, ziada inaingia kwenye gridi na jirani anaitumia. Je, alipwe bei ileile anayolipa yeye anaponunua uniti usiku, au alipwe pungufu? Upande mmoja unasema uniti ni uniti, nikikupa moja nirudishie moja. Upande wa pili unasema wenye sola wanabebwa na wasio nayo, kwa hiyo ziada yao ilipwe kidogo sana au isilipwe kabisa.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Bei ya kuuzia ikiwa ndogo kuliko ya kununulia, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu uko kwenye mkataba. Mtu akishafunga paneli kwa masharti fulani, masharti hayo yasiguswe mpaka muda wake uishe. Tunavutana kuhusu kiwango cha bei, wakati kinachowaumiza watu zaidi ni bei kubadilishwa wakiwa wameshalipa fundi na paneli ziko juu ya paa.

Tuelewane kwanza kuhusu mita, maana wengi wanabishana bila kujua inahesabu nini. Nyumba yenye sola iliyounganishwa na gridi hufungiwa mita ya pande mbili. Simama mbele yake dakika moja utaona namba zinapokezana kwenye kioo. Kwenye mita nyingi, namba inayotanguliwa na 1.8.0 ni uniti ulizochukua kwenye gridi tangu mita ifungwe, na inayotanguliwa na 2.8.0 ni uniti ulizoingiza. Anayeandika namba hizo mbili kila mwisho wa mwezi hadanganyiki kwa bili. Lakini kuna umeme ambao mita hiyo haiuoni kabisa: ule unaotoka kwenye paneli, unapita kwenye inveta (kifaa kinachougeuza uwe umeme wa kutumika nyumbani) na kuishia kwenye friji au pampu yako saa saba mchana. Huo hauuzwi wala haununuliwi. Kila uniti ya namna hiyo imekuokolea bei kamili ya kununua, na ndiyo faida kubwa ya kwanza ya sola. Biashara ya kuuza ni ya pili.

Sasa tupige hesabu, kwa uniti tu, bila fedha ya nchi yoyote. Paneli za kilowati 5 mahali penye jua zuri hutoa kama uniti 20 kwa siku. Familia inayotoka asubuhi na kurudi jioni, tuseme inatumia 7 kati ya hizo papo hapo, na 13 zinaingia kwenye gridi. Usiku inachukua 8 kutoka kwenye gridi. Bila sola wangelipia uniti 15. Kwa mfumo wa uniti kwa uniti, zile 8 za usiku zimefutwa zote na bado wanadai 5. Haya, tuseme ziada inalipwa theluthi moja tu ya bei ya kununulia. Zile 13 zinakuwa na thamani ya uniti 4 na kidogo, kwa hiyo wanalipia zisizofika 4. Kutoka 15 hadi chini ya 4! Robo tatu ya bili imeondoka hata kwa bei ambayo wengine humu wanaiita ya kinyonyaji. Ndiyo maana nasema sina ugomvi na bei ndogo.

Na kuna sababu ya haki ya bei hiyo kuwa ndogo. Mgala muue na haki yake mpe. Uniti unayonunua si umeme mtupu. Ndani ya bei yake kuna nguzo, nyaya, transfoma, umeme unaopotea njiani, na mafundi wa zamu wanaopanda nguzo usiku wa mvua. Mwenye sola anayefutiwa uniti kwa uniti anaitumia miundombinu hiyo mara mbili kwa siku, mchana akiingiza na usiku akichukua, halafu bili yake inasoma sifuri. Gharama hiyo haipotei hewani. Inasukumwa kwa waliobaki, na waliobaki wengi ni wapangaji wasio na paa lao, pamoja na watu ambao hawawezi kulipa gharama ya kufunga paneli kwa mkupuo.

Wapo wanaojibu, “Mimi gridi ni betri yangu, naweka mchana natoa usiku.” Hapana. Gridi haiweki kitu. Umeme unaoingia unatumika sekunde ileile, na ule unaochukua saa mbili usiku umezalishwa saa mbili usiku na mtambo mwingine ambao ilibidi uwe tayari. Huko California, Marekani, wasimamizi wa gridi walionyesha jambo hili mwaka 2013 kwa mchoro unaofanana na bata: mahitaji kwa mitambo mingine yanazama mchana jua likiwaka, kisha yanapanda kwa kasi jua linapotua na watu wanaporudi nyumbani. Uniti ya adhuhuri wakati kila paa linaingiza haiwezi kuwa na thamani sawa na uniti ya jioni.

Lipo na suala la volti, ambalo wauzaji wa paneli hulipita haraka. Umeme wa majumbani katika nchi nyingi ni volti 230, na kiwango kinachoruhusiwa sehemu nyingi ni asilimia 10 juu au chini, yaani kikomo cha juu ni 253. Nyumba nyingi za mtaa mmoja, kwenye transfoma moja, zikiingiza ziada kwa pamoja, volti inapanda. Inveta inapoona imezidi kikomo inapunguza au inajizima. Ndilo lile lalamiko la “jua kali kabisa lakini mfumo hauzalishi”. Mara nyingi inveta haina ubovu wowote, mtaa ndio umejaa. Wa mwisho kufunga, hasa aliye mbali na transfoma, ndiye huumia zaidi. Kabla ya kusaini chochote, uliza transfoma yako tayari imebeba paneli kiasi gani.

Na kwa wale wanaofunga ili wasikae gizani umeme ukikatika: mfumo wa kuuza kwenye gridi usio na betri unazima gridi inapozima, hata iwe saa sita mchana. Umetengenezwa hivyo kwa makusudi, ili umeme wako usirudi kwenye nyaya na kumuua fundi anayedhani zimezimwa. Ukitaka taa wakati wa katizo, nunua betri na inveta inayoweza kuitenga nyumba na gridi. Fundi asiyekueleza hili kabla hajapokea pesa, mwepuke.

Hapo nimewapa watu wa gridi haki yao. Sasa nawageukia, kwa sababu wao nao huvuka mpaka.

Kusema ziada isilipwe kabisa ni dhuluma. Jirani aliyeitumia ameilipia bei kamili, na imesafiri hatua chache tu hivyo upotevu njiani ni mdogo. Pale ambapo mchana mitambo inachoma mafuta au gesi, imeokoa mafuta hayo. Uingereza walilipitia hili: mpango wao wa kuwalipa wenye sola ulifungwa kwa waombaji wapya 31 Machi 2019, na uliofuata ulianza 1 Januari 2020. Miezi 9 hapo katikati, waliofunga paneli hawakuwa na mpango wowote wa kuwahakikishia malipo kwa kile wanachoingiza. Mpango mpya nao unaziachia kampuni zijipangie bei, mradi tu izidi sifuri. Kwangu mimi hicho si kima cha chini. Kima cha chini kiwe angalau gharama ya umeme ambao kampuni ingelazimika kuununua kwingine saa hiyohiyo.

Kubaya zaidi ni kutoza hata kile unachozalisha na kutumia mwenyewe. Hispania mwaka 2015 waliweka tozo ambayo watu waliiita kodi ya jua, na ilipofika 2018 ikafutwa. Nilichotumia nyuma ya mita yangu ni sawa na taa niliyoizima. Mtu akitaka nilipie nyaya, na aweke ada ya laini kwa wateja wote kulingana na ukubwa wa muunganisho, mwenye sola na asiye nayo. Hilo nitalilipa bila kinyongo.

Turudi kwenye mkataba, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Ujerumani, kwa sheria yao ya mwaka 2000, aliyefunga alipewa bei yake kwa miaka 20. Bei kwa wapya ilishushwa tena na tena kadiri paneli zilivyokuwa rahisi, lakini wa zamani hakuguswa. Walioingia 2000 walimaliza muda wao kwa bei waliyoahidiwa. Hispania nao mwaka 2007 waliweka bei ya juu sana, paneli zikamiminika 2008 kupita matarajio yote, mzigo ukawashinda, na kuanzia 2010 wakaanza kukata hata kwa waliokwishafunga. Familia na wakulima waliokopa wakihesabu malipo hayo wakabaki na deni bila mapato waliyoahidiwa. Wawekezaji wakubwa wa kigeni walikimbilia mabaraza ya usuluhishi ya kimataifa, lakini mtu mwenye paneli chache hana baraza la kukimbilia. Nevada, Marekani, Desemba 2015 mamlaka inayosimamia bei za umeme ilibadilisha masharti kwa wapya na wa zamani kwa pamoja. Kampuni kubwa za kufunga sola zikaondoka jimboni, na mwaka uliofuata wakalazimika kuwarudishia wa zamani masharti yao. California walipokata kwa nguvu malipo ya ziada mwezi Aprili 2023, waliwahusisha waombaji wapya tu, na wa zamani wakabaki na miaka 20 yao tangu walipounganishwa. Wapya walilalamika sana, na wana hoja, lakini angalau walijua bei kabla ya kununua.

Mwenzetu mmoja amepinga hivi: mkataba mrefu unawafunga wateja wengine kulipia bei ghali kwa miaka mingi, wakati paneli zimeshuka bei. Hoja hiyo ni nzito na sitaizunguka. Wajerumani wa kawaida waliilipia kupitia tozo kwenye bili mpaka ilipoondolewa Julai 2022. Lakini kilicholeta mzigo huo ni bei ya kuanzia kuwa kubwa. Bei kubwa ndiyo huzaa mikataba inayovunjwa: inavutia watu wengi kwa mpigo, fedha zinapungua, mwanasiasa anatafuta pa kukata. Anza na bei ndogo ambayo sekta inaweza kuibeba, halafu uifunge kwa miaka ya kutosha mtu kurudisha fedha yake. Paneli zenyewe huja na dhamana ya uzalishaji ya miaka 25 hivi, inveta huhitaji kubadilishwa mapema zaidi. Mimi naona miaka 12 hadi 15 inatosha, mradi iwe kwenye mkataba uliosainiwa na si kwenye tangazo la shirika la umeme linaloweza kubadilishwa wiki ijayo.

Mwingine ameuliza kuhusu Uholanzi, ambako mfumo wa uniti kwa uniti unakoma 1 Januari 2027 kwa wote, wa zamani na wapya. Walitoa taarifa mapema, hilo nawapa. Lakini hakukuwa na muda ulioandikwa kwa kila mteja tangu mwanzo, kwa hiyo mtu aliyefunga mwaka mmoja kabla ya tangazo na aliyefunga miaka 10 kabla wanafikia mwisho siku moja. Wa miaka 10 amevuna, wa mwaka mmoja ndiyo kwanza anapanda. Mkataba wa kila mtu kuhesabiwa kuanzia siku yake ya kuunganishwa ungeondoa tofauti hiyo.

Kuhusu betri, nasema kwa ufupi. Bei ya ziada ikipangwa kwa saa, ndogo adhuhuri na kubwa jioni, mwenye betri ataweka mchana na kuuza wakati gridi inahitaji, na malalamiko mengi ya pande zote yatapungua. Kinachonitia wasiwasi ni watu wenye uwezo kununua betri kubwa na kukata kabisa muunganisho kwa hasira ya kuchezewa masharti. Hao wakiondoka, nguzo na transfoma zinabaki kulipiwa na wachache, tena wanyonge. Kwa hiyo hata shirika la umeme lenyewe lina faida ya kutovunja ahadi.

Naomba majibu yenu kwa mambo mawili. Unayetaka uniti kwa uniti, eleza nani atalipia transfoma ya mtaani kwako nusu ya nyumba zikifikia bili sifuri. Na wewe unayetaka mamlaka iachiwe uhuru wa kubadilisha bei wakati wowote, hata kwa waliokwishafunga, ungemshauri mtu anayekopa leo kununua paneli aandike namba gani kwenye hesabu yake ya marejesho?