DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka) "hana nia ya kuendelea na kesi": tumdai sababu au tumwache?

Wakuu, tuliowahi kukaa kwenye mabenchi ya mahakama hapa Mwanza tunaijua ile sentensi: "Mheshimiwa, Jamhuri haina nia ya kuendelea na shauri hili." Wakili wa Serikali anakaa, hakimu anaandika, mshtakiwa anaambiwa aende. Ndugu hawajamaliza kukumbatiana, askari kanzu wako kwenye ngazi na pingu. Baada ya siku chache ana namba mpya ya kesi, na wimbo ni uleule: upelelezi haujakamilika.

Kifungu cha 91 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai (nataja namba tuliyoizoea) kinamruhusu DPP kuondoa kesi wakati wowote kabla ya hukumu, kwa mdomo au kwa maandishi. Hakimu hana la kuuliza. Na kuachiwa huko si kushinda, maana kwa miaka mingi hakukuzuia kushtakiwa tena kwa mambo yaleyale. Kwa kosa lisilo na dhamana, mtu huyo keshasota gereza la Butimba.

Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa Chadema, alikamatwa hapahapa Mwanza Julai 2021, alipokuja kwa kongamano la katiba. Februari 18, 2022 Mahakama Kuu ikasema yeye na wenzake watatu wana kesi ya ugaidi ya kujibu. Machi 4, kabla hawajaanza kujitetea, DPP akaiondoa. Sasa, kama ushahidi ulitosha, imeondolewa kwa nini? Kama haukutosha, ile miezi saba na ushee ndani ilikuwa ya nini? Masheikh wa Uamsho wa Zanzibar ndio usiseme, hao walisota miaka hadi kesi yao ilipoondolewa Juni 2021.

Wenzetu wa Kisumu, ziwa ni hilihili, Katiba yao ya 2010, ibara ya 157, inamtaka DPP aombe ruhusa ya mahakama. Akiondoa baada ya upande wa mashtaka kufunga ushahidi, mshtakiwa anahesabiwa ameshinda. Mimi nasema tuige. Karibuni.

Wakili, Capri Point: Mkuu, umeruka kifungu cha 98. Kwenye mahakama za chini, mwendesha mashtaka akijiondoa baada ya mshtakiwa kutakiwa kujitetea, mshtakiwa anaachiwa huru kabisa. Kwa hiyo wazo hilo si geni kwetu, ila 91 inalipita pembeni. Ibara ya 59B ya Katiba yetu nayo inamtaka DPP azingatie kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu, na maslahi ya umma. Lakini sababu kutangazwa hadharani siafiki. Shahidi wa kesi ya mauaji akishajulikana mtaani, nani atamlinda?

Mwenye mtumbwi, Igombe: Nyie mnawalilia washtakiwa tu. Injini yangu ya HP 15 iliibwa, ikapatikana, ikawekwa kituoni kama kielelezo. Kesi kuondolewa niliambiwa na mama muuza chai nje ya mahakama! Polisi wanataka barua ya mahakama, mahakamani wanasema jalada limefungwa. Nakabidhiwa, kabureta imeliwa na kutu na propela haipo. Aliyeshtakiwa napishana naye mwaloni kila asubuhi, ananisalimia vizuri tu.

Mama, Nyegezi: Pole sana kaka. Ila hiyo ruhusa ya hakimu mnayoitaka itazaa kalenda nyingine. Mawakili watabishana wiki tatu, na mwanangu bado yuko ndani. Mlango ukifunguliwa mwacheni atoke, maswali baadaye.

Mwanzisha mada: Mama umenibana, na umenibana vizuri. Basi tugeuze: kuondoa kesi kubaki rahisi, mtu atoke siku hiyohiyo. Kumkamata tena kwa mambo yaleyale ndiko kuombewe kibali cha hakimu, na DPP aseme kipi kipya amepata. Hapo hata siri ya shahidi inaweza kusemewa chemba. Na kama mtu alishakutwa na kesi ya kujibu, asirudishwe kizimbani kabisa.

Mwenye mtumbwi, Igombe: Na injini?

Wakili, Capri Point: Hiyo haihitaji Bunge, kaka. Kesi inapoondolewa, mwenye mali amwambie wakili wa Serikali aombe amri ya vielelezo palepale, kabla shauri linalofuata halijaitwa. Shida ni kwamba siku hiyo mwenye mali hakuitwa.