Kusimba barua pepe zilizohifadhiwa kwenye seva: ufunguo ukae wapi?

Mtunza Seva (swali)

Habari za kazi, ndugu zangu. Ninaendesha seva ya barua pepe yenye watumiaji 46, wengi wao washauri nasaha wanaoandikiwa na watu walio katika shida nzito. Postfix inapokea barua, Dovecot inazihifadhi, na kila barua inakaa kama faili moja katika mpangilio wa Maildir. Zikiwa njiani barua hulindwa kwa TLS, inayozuia wa njiani wasizisome, nami kwa miaka mingi niliridhika kwamba hilo linatosha.

Wiki tatu zilizopita, diski moja kati ya mbili ilianza kushindwa kusomeka. Fundi wa kituo tunakopangisha mashine aliichomoa, akaweka mpya, na ile mbovu ikarudishwa kwa mtengenezaji chini ya dhamana. Nilipata habari kesho yake, kwa ujumbe wa mstari mmoja ulioniambia kazi imekamilika. Diski hizo mbili zilibeba nakala ileile, kwa hiyo hiyo iliyoondoka ina barua zote za miaka sita, wazi kabisa, na kwa kuwa ilikuwa imeharibika hakuna aliyeweza kuifuta kabla haijatoka. Tumewaarifu watumiaji wote. Baadhi yao waliniuliza maswali ambayo sikuwa na la kuwajibu, na jambo hilo linaniumiza mpaka leo.

Sasa nataka barua zisimbwe, yaani zigeuzwe zisisomeke bila ufunguo, zikiwa zimehifadhiwa. Nimesoma kuhusu LUKS, inayosimba diski nzima, nimesoma kuhusu programu jalizi ya Dovecot iitwayo mail_crypt, inayosimba faili za barua, na nimeona wengine wakisimba kila barua kwa OpenPGP, ambamo ufunguo wa kusomea anao mtumiaji mwenyewe, mara tu inapoingia. Siulizi ni njia ipi yenye algoriti imara zaidi, kwa maana zote zinaweza kutumia AES, algoriti ya kusimba inayotumika sana. Ninauliza kila njia inamzuia nani, na ufunguo niuweke wapi ikiwa seva inatakiwa kupokea barua usiku wa manane pasipo mtu yeyote wa kuandika nenosiri.

Fundi wa Hifadhi

Pole sana, ndugu. Kwa tukio lenyewe ulilolieleza, LUKS ingetosha. Diski iliyochomolewa bila ufunguo ni rundo la baiti zisizo na maana, iwe nzima au mbovu, na hutahitaji kumsihi fundi yeyote aifute. Tena inafunika mambo ambayo njia nyingine mbili haziyagusi: foleni ya Postfix iliyo katika /var/spool/postfix, ambamo barua husubiri zikiwa wazi, eneo la swap la diski, ambalo huweza kubeba vipande vya kumbukumbu ya mashine, na faili za muda za kichujio cha barua taka. Kwa prosesa zenye maelekezo ya AES ndani yake, kasi inayopotea huwa ndogo mno kwa seva ya ukubwa wako.

Mpaka wake nao ni lazima uujue. Mashine ikishawaka na diski ikafunguliwa, barua zinasomeka kama kawaida kwa yeyote mwenye mamlaka ya root, yaani ya msimamizi mkuu wa mashine, awe wewe au mvamizi aliyeingia kupitia tundu la programu. LUKS inamlinda mtu dhidi ya mwizi wa diski. Haimlindi dhidi ya mwizi wa seva inayofanya kazi.

Kuhusu ufunguo, nakusihi usiuweke katika faili iliyo kwenye diski nyingine ya mashine ileile, kwa sababu siku mashine nzima itakapobebwa, kufuli na ufunguo vitaondoka pamoja. Mimi hutumia Dropbear, seva ndogo ya SSH (njia ya kuingia kwenye mashine ukiwa mbali), katika initramfs, yaani mfumo mdogo unaowaka kabla diski haijafunguliwa: seva ikiwashwa upya inasimama mapema kabisa, inanisubiri niingie kwa SSH, naandika nenosiri, ndipo inaendelea. Ubaya wake ni kwamba umeme ukikatika usiku, seva itakaa kimya hadi niamke. Hilo si balaa, kwa sababu seva za watumaji zikishindwa kukufikia huendelea kujaribu, kwa kawaida kwa siku kadhaa, na barua iliyochelewa saa tano bado itafika. Wapo wanaotumia Clevis kwenye mashine na Tang kwenye seva nyingine ya mtandao ili mashine ijifungue yenyewe ikiwa tu iko ndani ya mtandao wake, na hilo lina mantiki ikiwa seva ya Tang iko chumba kingine chenye ulinzi wake.

Mambo mawili ambayo watu huyasahau, nami niliwahi kuyasahau. Kichwa cha LUKS2 (toleo la pili la LUKS), ambacho kwa kawaida huchukua MiB 16 mwanzoni mwa diski, ndicho chenye funguo. Kikiharibika, data yote imepotea hata kama nenosiri unalikumbuka neno kwa neno. Chukua nakala yake kwa amri ya cryptsetup luksHeaderBackup na uitunze nje ya seva. Pili, LUKS2 ina nafasi za funguo hadi 32, kwa hiyo usibaki na nenosiri moja lililo kichwani mwa mtu mmoja.

Mlinda Funguo

Naafikiana na ndugu Fundi, ila naona amekomea katikati ya njia. Barua za watu walio katika shida hazisomwi na mwizi wa diski peke yake. Zinaweza kusomwa na yeyote anayeshika nakala rudufu. Nakala rudufu huchukuliwa seva ikiwa inafanya kazi, yaani diski ikiwa imefunguliwa, kwa hiyo huondoka ikiwa wazi isipokuwa umeisimba kivyake. Hapa ndipo mail_crypt, iliyopo tangu toleo la 2.2.27 la Dovecot, inapokuwa na faida, kwa sababu faili yenyewe ya barua ndiyo iliyosimbwa popote itakaponakiliwa.

Ina sura mbili, na tofauti yake ni kubwa. Katika sura ya kwanza kuna jozi moja ya funguo, wa umma wa kusimbia na binafsi wa kusimbulia, kwa seva nzima, na ufunguo binafsi hukaa ndani ya usanidi wa Dovecot. Hiyo inafaa pale barua zinapohifadhiwa kwenye mashine tofauti na ile inayozihudumia. Kwako, ambako vyote viko mahali pamoja, itakuongezea kazi zaidi ya ulinzi. Katika sura ya pili kila mtumiaji ana jozi yake, na ufunguo wake binafsi umefungwa kwa nenosiri lake. Hili ndilo jibu la swali lako la usiku wa manane: barua inapoingia, Dovecot huisimba kwa ufunguo wa umma, ambao hauhitaji nenosiri la mtu, na kuisimbua kunawezekana tu pale mwenyewe anapoingia.

Gharama yake hulipwa siku mtu anaposahau nenosiri. Ukimwekea jipya kwa njia uliyoizoea, ataingia vizuri, ataona orodha ya barua zake, na hakuna hata moja itakayofunguka. Kwa hiyo mwelezeni kila mtumiaji kabla, kwa maandishi, naye akubali. Kama mnaingia kwa tokeni badala ya nenosiri, sura hii ya pili haitawafaa kirahisi, kwa kuwa seva haitakuwa na nenosiri la kufungulia.

Elewa pia kwamba programu hii husimba barua mpya tu. Barua zako za miaka sita zitabaki wazi mpaka uzihamishie upya kwa doveadm, zana ya usimamizi ya Dovecot, na kuziondoa za zamani.

Mtunza Seva

Nawashukuru mno. Nimejaribu mail_crypt kwenye mashine ya majaribio. Baiti saba za mwanzo za faili ya barua zinasomeka CRYPTED, na baada ya hapo hakuna herufi yenye maana. Nilifurahi, lakini nilipopitisha amri ya strings (huonyesha maandishi yanayosomeka ndani ya faili) kwenye faili ya dovecot.index.cache niliona mada za barua zikiwa zimejipanga wazi, pamoja na anwani za waandishi. Mmoja wa washauri wetu hupokea barua ambazo mada peke yake inatosha kumdhuru aliyeandika. Je, nimekosea kusanidi?

Karani wa Barua

Hukukosea, ndugu Mtunza Seva. Dovecot huweka sehemu za vichwa vya barua katika faharasa zake ili orodha ifunguke haraka, na mail_crypt haizigusi faharasa hizo. Faharasa ya utafutaji ni mbaya zaidi, kwa sababu hubeba maneno ya ndani ya barua. Ndiyo maana LUKS na mail_crypt hazishindani: diski ifunikwe yote kwa LUKS, barua zisimbwe kwa mail_crypt juu yake, na faharasa ziondolewe katika nakala rudufu, kwani Dovecot hujenga faharasa hizo upya yenyewe.

Uliuliza pia kuhusu OpenPGP. Njia hiyo pekee ndiyo inayouweka ufunguo binafsi nje ya seva, na hilo lina uzito. Mwaka 2013 kampuni ya Lavabit ya Marekani, iliyokuwa ikisimba barua za wateja kwa funguo zilizofungwa kwa nenosiri la kila mmoja, iliamriwa na mahakama kutoa ufunguo binafsi wa TLS. Ulinzi wa barua zilizohifadhiwa haukuvunjwa. Ila nenosiri la mteja lilipita kwenye seva kila alipoingia, na mwenye ufunguo wa TLS angeweza kulinasa njiani. Mmiliki alitoa kwanza kurasa 11 za ufunguo huo zilizochapishwa kwa herufi ndogo mno, kisha akaifunga huduma yake mwezi Agosti. Udhaifu huohuo umo katika mail_crypt, na ni haki ya watumiaji wako kuujua.

Hata hivyo, OpenPGP ya kawaida haifichi mada wala anwani, yaani kile hasa kilichokushtua. Tena kichujio kinachosimba barua inapoingia hakigusi folda ya barua zilizotumwa, kwa sababu nakala hizo huwekwa na programu ya mtumiaji moja kwa moja kupitia IMAP, njia ambayo programu hiyo husoma na kuweka barua kwenye seva. Jibu la mshauri, likiwa na maneno ya mteja yamenukuliwa chini yake, litabaki wazi. Kwa watumiaji 46 wasio mafundi, mimi ningeanza na LUKS pamoja na mail_crypt, na OpenPGP ningewaachia wale wachache walio tayari kutunza funguo zao wenyewe.

Mtunza Seva

Nimekuelewa. Diski mpya zitawekewa LUKS kabla ya barua yoyote kuandikwa juu yake, na barua za zamani nitazihamisha mtumiaji mmoja mmoja, tukianzia kwa yule mshauri. Nakala rudufu ya kwanza nitairejesha kwenye mashine isiyo na ufunguo wowote, nitafute ndani yake mada ninazozijua, na nitakachokikuta nitakiandika hapa.