Naomba ushauri: binti yangu anakwama kwenye mafumbo ya aljebra

Habari za jioni wanajamvi. Niko Tanga, Ngamiani, na binti yangu yuko darasa la saba. Ukimpa mlinganyo ulioandikwa tayari, kama 3x + 5 = 20, anautatua bila shida. Mpe hesabu hiyohiyo kwa maneno, kalamu inasimama.

Jana tulikuwa na hili: bei ya nanasi ni mara tatu ya bei ya chungwa, nanasi moja na machungwa mawili ni shilingi 2,500, chungwa ni bei gani? Akaandika 3n = c, maana anafuata maneno yalivyopangana: nanasi, tatu, chungwa. Nikamuuliza, chungwa likiwa 500, nanasi je? "1,500," papo hapo, na mwenyewe akasahihisha: n = 3c. Ikawa 3c + 2c, yaani 5c = 2,500, akamaliza. Nilifurahi sana. Swali lililofuata, "toa 4 kwenye namba fulani", akaandika 4 − x badala ya x − 4.

Shuleni wanamwambia akiona "zaidi" ajumlishe. Kwa kweli naona inampotosha. Asha ana maembe 7, ambayo ni 3 zaidi ya ya Juma. Ukitafuta ya Juma unatoa, hujumlishi.

Walimu na wazazi wenzangu, mnawaanzishia nini? Michoro ya visanduku (kuchora kila kiasi kama kisanduku), kujaribu namba kwanza kama nilivyofanya, au herufi moja kwa moja? Na mazoezi mangapi kwa siku asichoke? Anapenda hesabu, sitaki aanze kuiogopa.