Akili unde ikiandika msimbo, nadharia ya lugha za programu ibaki na kazi gani?

msomaji_wa_aina: Habari zenu wakuu. Naanza utafiti wa uzamili kwenye mifumo ya aina (kanuni zinazotenganisha aina za data, kama namba na maandishi) na uthibitisho wa programu (kuonyesha kihisabati kwamba programu ni sahihi). Wenzangu wanasema nimechelewa, eti mashine zinajiandikia msimbo siku hizi. Siwaamini, ila nakosa la kuwajibu.

mthibitishaji: Karibu sana, umekuja wakati wake. Modeli ya akili unde inakisia tokeni inayofuata, yaani kipande kifuatacho cha maandishi. Haikupi dhamana kwamba ilichoandika ni sahihi. Kompaila ya lugha ya Rust, yaani programu inayotafsiri msimbo ili kompyuta iuendeshe, haiulizi kama msimbo umeandikwa na mtu au mashine: ukivunja kanuni za umiliki (sehemu gani ya programu inamiliki data ipi), unakataliwa. Wapo pia wanaoingiza kanuni za aina ndani ya modeli inapozalisha, ili tokeni isiyoweza kufikisha kwenye programu yenye aina sahihi iondolewe mapema.

Mimi muda wangu mwingi unaishia kwenye masharti, yaani kueleza programu inatakiwa kufanya nini. Chukua programu ya kupanga namba. Ukiandika sharti moja tu, kwamba matokeo yaanzie ndogo kwenda kubwa, programu inayorudisha orodha tupu inapita! Lazima uongeze kwamba namba zilizotoka ni zilezile zilizoingia, kila moja kwa idadi yake. Namna hii ya kufikiri, sharti la kabla na sharti la baada, mwanasayansi wa kompyuta Tony Hoare aliiandika 1969, na leo Dafny, lugha ya programu yenye mkaguzi wake, inayakagua masharti hayo yenyewe. Ila jihadhari: mashine ikikwama kwenye uthibitisho huweza kuchomeka `assume`, amri ya kuchukulia jambo kuwa kweli, na mkaguzi anakubali jambo bila ushahidi wowote. Ndiyo maana siiruhusu kabisa iguse faili la masharti, na kila `assume` naikataa.

fundi_programu: Mkuu, majaribio si yanatosha? Sisi tunaiambia akili unde hiyohiyo iyaandike.

mthibitishaji: Kwa kazi nyingi yanasaidia, sikatai. Lakini mwanasayansi wa kompyuta Dijkstra alishasema majaribio huonyesha kuwa makosa yapo, hayawezi kuonyesha kwamba hayapo. Na aliyeandika msimbo akiandika na majaribio, alichokielewa vibaya kitakuwa kilekile pande zote mbili.

msomaji_wa_aina: Nimekuelewa. Nianzie wapi?

mthibitishaji: Andika masharti ya programu ndogo kabla hujaiomba mashine chochote. Kisha tunga makusudi programu mbovu uone kama itapenya. Ikipenya, sharti lina tundu. Kutafuta matundu hayo kwa utaratibu, badala ya kubahatisha, bado hakuna aliyekumaliza. Ningekuwa wewe, tasnifu ningeiweka hapo.