Friji za mzigo wa madukani: safari za kanda au masafa marefu?

GurudumuKumi
Wakuu, salaam. Nimezoea trela ya kawaida, mzigo mkavu, sasa nimepata nafasi mbili za kuendesha trela ya friji na natakiwa kujibu upesi.

Ya kwanza ni ya kanda: kupakia jioni ghala kuu, kuzungusha maduka kadhaa usiku, mara nyingi nyumbani asubuhi. Malipo ni kwa kilomita, pamoja na kitu kidogo kwa kila duka. Ya pili ni masafa marefu: mzigo mmoja, mteja mmoja, wiki kadhaa barabarani, malipo ni ya kilomita peke yake ila kiwango kiko juu. Mlioshika friji mnasemaje? Wa "fuata moyo wako" apite tu.

MzeeWaBreki
Acha kulinganisha kilomita na kilomita, utadanganyika. Safari za kanda zina kilomita chache na saa nyingi. Hesabu toka unapofunga mlango wa nyumbani mpaka unapoufungua tena, kisha gawanya malipo kwa saa zote hizo, pamoja na za kukaa foleni ghalani na za kumsubiri meneja wa duka atafute ufunguo. Hapo ndipo utajua nani anakulipa.

Halafu uliza swali moja tu: nani anashusha? Kama ni wewe, hiyo ni kazi mbili kwa mshahara mmoja.

DadaUsukani
Mzee kanena. Nipo kwenye kanda na siondoki, ila mgeni asije akidhani ni kuendesha tu. Mzigo wa madukani huja kwenye palati (vile vichanja vya kupangia maboksi) au vizimba vya magurudumu. Kizimba kilichojaa maziwa ukikisukuma kwenye lifti ya nyuma na lori limeegeshwa kwenye mteremko, hicho hakikusubiri. Usisimame upande wa chini yake, hata sekunde moja. Viatu vya chuma mbele si mapambo.

Unatoka kwenye chumba cha nyuzi 18 chini ya sifuri, unaingia kwenye joto la nje, unarudi tena, usiku kucha. Jasho likipoa mwilini utajua. Vaa nguo za tabaka unazoweza kuvua, na glavu mbili mbili, maana zikilowa hazina kazi.

Na kurudi nyuma! Masafa marefu unarudi nyuma kwenye uwanja mpana. Maduka mengi yalijengwa bila kumfikiria mwenye trela. Uchochoro, mapipa ya taka, gari la mfanyakazi limeegeshwa pale pale. Kama kurudi nyuma hakujakuingia mikononi, kanda itakufundisha kwa ukali.

MasafaTu
Mnamtisha kijana lakini hamsemi upande wa pili. Masafa marefu ya friji nayo yana yake. Ule mtambo wa baridi una injini yake na tangi lake la dizeli, nao uko kwenye ukuta wa mbele wa trela, nyuma tu ya kichwa cha lori unamolala. Unawaka, unazima, unawaka. Wengine huzoea. Mimi nilizoea, jirani yangu wa maegesho mwenye mzigo mkavu ndiye hakuwahi kunisamehe.

Mboga na matunda ukienda kuyachukua shambani, unaweza kuambiwa bado yanavunwa. Unasubiri. Nyama ya kuning'inia ni habari nyingine: uzito uko juu na unayumba, kona unayoipita kwa raha na palati inaweza kukulaza. Ila mlango ukishafungwa na sili ikapigwa (ile lakiri yenye namba), haufunguliwi mpaka mwisho wa safari. Amani hiyo kwenye kanda huipati.

FundiBaridi
Naingilia kama mtu wa mitambo. Alichogusa MasafaTu mwishoni ndicho tofauti kubwa kuliko zote.

Friji ya trela imetengenezwa kutunza baridi, si kupoza kitu cha moto. Mzigo ukipakiwa na joto utafika na joto, na wa kwanza kuulizwa ni dereva. Masafa marefu unapambana na hilo mara moja, pale unapopakia. Kwenye kanda kila duka ni mlango wazi: hewa baridi inamwagika chini, hewa ya joto yenye unyevu inaingia juu, na unyevu huo unageuka barafu kwenye koili, yale mabomba ya kupozea hewa. Koili ikiziba hewa haipiti, mtambo unanguruma na mzigo unapata joto. Ndiyo maana mlango ukiwa wazi unazima mtambo, ukifunga unawasha. Mapazia ya plastiki mlangoni yasichanwe kwa sababu yanakukera.

Pia trela za kanda nyingi zina vyumba viwili au vitatu vyenye kuta za kusogeza. Vilivyogandishwa nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi ya hapo, maziwa na nyama karibu na sifuri mpaka 4, na ndizi hazitaki chini ya 13 hivi, zinageuka kijivu. Ukuta usipokaa sawasawa, letusi iliyo jirani na aiskrimu inaganda, na letusi iliyoganda hairudi.

DadaUsukani
Fundi, kwenye karatasi sawa. Duka la dakika kumi nazima. Lakini wakisema "subiri kidogo" na mlango uko wazi, mimi nafunga mlango kwanza na kuwasha. Mzigo si wao mpaka wasaini.

FundiBaridi
Hapo hatugombani.

GurudumuKumi
Nashukuru wote. Kinachonipa wasiwasi sasa ni mzigo kukataliwa. Duka la tatu wakisema kuku wamepata joto, naanzia wapi?

FundiBaridi
Unaanzia ghalani, kabla ya duka la kwanza. Poza trela tupu kwanza. Wakati wa kupakia, chomeka kipimajoto kwenye bidhaa yenyewe au kati ya maboksi mawili, usitegemee namba ya kwenye kioo cha mtambo. Ile ni joto la hewa inayorudi, si la kuku. Angalia mzigo usipite mstari uliochorwa ukutani na usizibe njia ya hewa mbele wala sakafuni. Mtambo unahifadhi kumbukumbu za joto safari nzima, jifunze kuzitoa. Mkikutana na meneja, hizo ndizo zitakazosema.

MzeeWaBreki
Ongeza sili. Kila duka sili mpya, namba yake kwenye hati, na saini ya aliyeshuhudia. Mzigo wa kwanza kushuka hupakiwa mwisho, kwa hiyo ofisi ikibadilisha mlolongo wa maduka ukiwa njiani utajikuta unahamisha palati gizani. Mabadiliko hayo yaje kwa maandishi. Na kumbuka nyuma ikimwagwa, uzito unabaki mbele: breki za trela nyepesi kwenye lami yenye maji zinaweza kujifunga.

GurudumuKumi
Nimewapigia wa kanda. Kushusha ni mimi na msaidizi mmoja, saa za kusubiri zinalipwa baada ya saa ya kwanza. Ila wamesema dereva haruhusiwi kuingia ghalani wakati wa kupakia. Nakuta trela imeshafungwa, sili juu.

DadaUsukani
Basi usisaini "nimepokea katika hali nzuri". Andika kwa mkono kwenye hati kwamba mzigo umepakiwa na kufungwa na mwenye ghala, hukuhesabu wala kupima joto, kisha namba ya sili na namba ya kioo cha mtambo saa hiyo. Wapige nakala, na yako ibaki kwako. Wakikataa kukuruhusu uandike hivyo, ile ya masafa marefu bado ipo?

GurudumuKumi
Ipo mpaka Ijumaa. Kesho naenda kuuliza hilo la hati ana kwa ana.