Neno "raro" la Kihispania: Kiingereza chake ni kipi hasa?

Kalamu_Nyeusi
Wakuu, naomba msaada wa wanaozijua lugha hizi mbili. Naandaa somo la msamiati wa Kiingereza kwa wanafunzi ambao lugha yao ya kwanza ni Kihispania. Mada ni mambo yasiyo ya kawaida: watu wenye vituko, mavazi ya ajabu, mawazo yanayokwenda kinyume na mazoea. Kila zoezi wananirudishia "rare": "my neighbour is rare", "a rare smell". Nikiwapa visawe vya kamusini, wanavichanganya kana kwamba vyote ni kimoja. Nianzie wapi?

Mkalimani77
Malizana na "rare" kwanza, mwalimu, mengine yatafuata. "Raro" imebeba maana mbili ambazo Kiswahili kinazitenga: ajabu na adimu. "Rare" ya Kiingereza imebaki na adimu: "a rare stamp", "a rare disease". Ukiipeleka kwenye nyama, ni ile iliyopita motoni upesi, ndani bado nyekundu. Kwa hiyo huyo jirani amegeuzwa stempu ya kale.

Wape kipimo hiki. Mahali pa "raro" waweke "poco frecuente", yaani kisichotokea mara kwa mara. Sentensi ikisimama, waandike "rare". Ikianguka, "strange" au "odd". "Una enfermedad rara" inasimama. "Un olor raro" inaanguka, basi ni "a strange smell", au kwa lugha ya mazungumzo "a funny smell", ambayo haichekeshi hata kidogo. Ila usiwatishe kupita kiasi: "rara vez" ni "rarely" kweli.

Baada ya hapo, maneno yanayofanana sura tu. "Extravagante" ni mtu wa vituko, lakini "an extravagant man" ni mtapanya fedha. Wanalolitaka ni "eccentric". "Bizarro" kwa maana yake ya jadi ni shujaa, mkarimu. "Bizarre" ni kioja. Siku hizi Wahispania wengi wanalitumia kwa maana ya Kiingereza pia, kwa hiyo hili halisumbui kama zamani. "Friki" kwao ni shabiki aliyezama kwenye jambo lake, na wanajiita hivyo kwa fahari. "Freak" ukimwambia mtu umemtukana. Wafundishe "geek". Na "extranjero" ni "foreigner", si "stranger". "Stranger" ni mtu usiyemjua, hata kama mnaishi mtaa mmoja.

La hatari zaidi ni "peculiar", kwa sababu hakuna anayelishuku. "Un sabor peculiar" ni ladha yenye upekee wake, pengine ni sifa. "This soup tastes peculiar" inamfanya mpishi aonje tena akihofu imechacha. Kwa sifa hiyo waseme "distinctive".

Bi_Sarufi
Naongezea kwa Mkalimani. Orodha ya visawe haisaidii kwa sababu haionyeshi msemaji anakipenda kitu au hakipendi. Panga maneno kwa hisia. "Quirky" na "offbeat" yana upendo ndani yake. "Unusual" na "unconventional" hayaegemei upande, ndiyo ya kuandikia ripoti. "Odd" inaashiria kuna kitu hakijakaa sawa. "Weird" ni ya mazungumzo na mara nyingi ina dharau kidogo. "Outlandish" inasema mtu amevuka mpaka. "Eerie" na "uncanny" yanaongeza woga: nyumba tupu usiku ni "eerie", si "quirky". Zoezi zuri ni kuwapa sentensi moja, "He has ___ ideas", wajaze maneno matano tofauti, kisha waseme kila mara kama msemaji angemwajiri huyo mtu.

Kosa jingine ni "poco", yaani "kidogo". Wanaandika "little common", "little conventional". Kanuni: "poco" mbele ya kivumishi mara nyingi inakuwa "un-": "poco común" ni "uncommon", "poco ortodoxo" ni "unorthodox". "Inusual" nayo ni "unusual". Kinachokataa "un-" ni "poco frecuente", ambacho ni "infrequent", kiandike ubaoni peke yake. Pia kivumishi cha Kiingereza hakipokei wingi, "weirds clothes" ikatwe bila huruma.

Kalamu_Nyeusi
Asanteni sana, nimepata pa kuanzia. Na "odd" ya hesabu niitaje au nitawavuruga?

Bi_Sarufi
Itaje, inasaidia. "Odd numbers" ni witiri, zile zinazobakiza kimoja ukizigawa kwa mbili, na "odd socks" ni soksi mbili zisizo jozi. Maana ya ajabu inatokana na huko huko: kilichobaki bila mwenzake. Waangalie tu kistari. "Forty-odd people" ni watu arobaini na ushei. Kistari kikidondoka, ni watu arobaini wa ajabu.

SautiNaHerufi
Matamshi msiyaache. Mzungumzaji wa Kihispania huweka "e" mbele ya "s" inayofuatwa na konsonanti, kwa hiyo "strange" inatoka "estrange". Aivute "s" peke yake kwa sekunde mbili, midomo tayari, kisha aingie kwenye "t". Kwenye "weird" wengi huanza na "g" nyepesi. Aanze na "u" ya midomo iliyoviringwa, nyuma ya ulimi isiguse juu. "Bizarre" ina "z" ya mtetemo, ambayo kwao haimo kama sauti inayojitegemea, na mkazo uko silabi ya pili. Wapime kwa vidole kooni: koo lisipotetemeka, wametamka "s".